Pikipiki Mpya Ipelekwe Wapi kwa Sevisi ya Kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeishi Malinyi aliniandikia ujumbe ulionikosesha usingizi. Amenunua pikipiki mpya ya cc 150 kwa mkopo wa kikundi, mita yake imefika kilomita 380, na kitabu alichokabidhiwa dukani kinamtaka aifanyie sevisi ya kwanza kati ya kilomita 500 na 750. Wakala wa karibu wa kampuni ya pikipiki hiyo yuko Ifakara, na njia ya kufika huko ni ndefu na ya vumbi. Hatua chache kutoka nyumbani kwake, kwa upande mwingine, yupo fundi anayesifiwa na kijiwe kizima, ambaye amemhakikishia kwamba sevisi ya kwanza si kitu zaidi ya kumwaga oili. "Kaka," aliniuliza, "kuna haja gani ya kwenda Ifakara kumwagiwa oili?"

Swali hilo nilijiuliza mwenyewe mwaka 2019, nikajijibu vibaya, na injini nzima ikaondoka na jibu hilo. Ndiyo maana nimeona nisimjibu yeye peke yake, kwa kuwa najua wapo wengi wanaosoma hapa ambao pikipiki ndiyo mtaji wao, ndiyo ofisi yao, na ndiyo ada ya watoto wao.

Wakati huo nilikuwa afisa ugani nikihudumia wakulima wa mpunga kuanzia Dakawa hadi vijiji vya upande wa Mkindo. Nilikuwa nimeweka akiba kwa zaidi ya mwaka mmoja ili ninunue pikipiki yangu mwenyewe, niache kuomba lifti na kupoteza nusu siku barabarani kabla sijafika shambani kwa mtu. Siku niliyoikokota kutoka dukani Morogoro mjini, tangi likiwa bado limefunikwa nailoni, niliona nimefika. Sikuwa na kisingizio cha umbali, kwa sababu kutoka Dakawa hadi kwa wakala ni lami tupu na mwendo usiozidi saa moja. Nilichokuwa nacho ni haraka. Msimu wa kupandikiza ulikuwa umeanza, mita ikapita 750, ikapita 900, na ilipofika 1,100 nikaamua kumalizana na jambo hilo kwa fundi wa jirani, mtu tuliyesalimiana kila asubuhi na ambaye nilimwamini kabisa.

"Bwana shamba, usihangaike na mjini," aliniambia. "Hii ni kazi ya dakika ishirini."

Alifungua boliti ya kumwagia oili chini ya injini, na oili ikatiririka kwenye karai. Nakumbuka nilichovya kidole, nikakigeuzia juani, na kuona oili imekuwa ya kijivu na inametameta kama iliyonyunyiziwa unga wa fedha. Nilimwuliza ni nini, akasema ni kawaida. Katika hilo alisema kweli, na nitalieleza hapa chini. Kisha akachukua oili kutoka kwenye dumu lisilo na lebo, akanieleza kuwa ni ya gari na kwa hiyo ni nzito na hudumu zaidi, akaimimina. Alipokuwa anairudisha boliti, alichomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, akavuta mara mbili. Mara ya tatu nilisikia mlio mdogo, na mkono wake ukateleza mbele kama mtu aliyesukuma mlango ulio wazi. Alitulia kidogo, akaingia ndani, akarudi na gundi ya gasketi, akaipaka kuizunguka boliti na kuifuta vizuri kwa kitambaa. Hakuniambia lolote. Mimi niliona, lakini sikuelewa nilichokiona.

Nilikielewa baadaye. Sehemu ya chini ya injini ya pikipiki nyingi ni ya alumini, na nyuzi zake, ile mistari ya ndani ya tundu ambamo boliti hujizungusha, ni laini kuliko boliti ya chuma inayoingia humo. Boliti hiyo haihitaji bomba wala misuli. Huhitaji kukazwa kwa kipimo, na washa yake, ile pete yake bapa, huhitaji kuwa nzima ili izibe. Nyuzi zikishakufa, gundi inaweza kuzuia oili kwa siku kadhaa, lakini joto na mtikisiko wa barabara vitaishinda. Na oili ya gari nayo ina madhara yake. Katika pikipiki nyingi za aina hii sahani za klachi zinaogelea katika oili ileile inayolainisha injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, vikiingia kwenye sahani hizo klachi inaanza kuteleza. Ndiyo sababu chupa za oili ya pikipiki huandikwa JASO MA, kiwango cha Wajapani kilichotungwa kwa ajili ya injini zenye klachi ya namna hiyo.

Wiki ya tatu, jioni, nikirudi kutoka Mkindo, pikipiki ilianza kukosa nguvu, ikatoa mlio wa chuma kusaga chuma, kisha gurudumu la nyuma likakwama ghafla. Injini ilikuwa imenoki. Nilipoinama nikaona boliti haipo, na upande wote wa chini umelowa oili iliyoshikana na vumbi. Niliisukuma hadi usiku.

Kilichoniumiza zaidi kilitokea kesho yake kwa wakala. Pikipiki ilikuwa na umri wa miezi miwili na ilikuwa bado chini ya dhamana, kwa hiyo niliingia pale nikiwa na matumaini. Mhudumu alipokea kitabu changu kwa heshima, akafungua ukurasa wa sevisi ya kwanza, na akanigeuzia nitazame. Ulikuwa mweupe. Hakukuwa na tarehe, kilomita wala muhuri. Kuponi ya sevisi ya kwanza, ambayo ingenipa kazi ya fundi bila malipo huku nikilipia oili tu, ilikuwa bado imeshikamana na kitabu. Hakunifokea. Aliniambia tu kwamba bila muhuri ule hawezi kupeleka madai yoyote kiwandani. Pistoni, ringi, kuchonga silinda, kubadilisha krenki na kuziba nyuzi zilizokufa vilinigharimu shilingi 460,000, fedha niliyoikopa. Fundi wa jirani nilipomwendea alisema huenda niliipitisha kwenye maji. Hadi leo tunasalimiana, lakini jambo lile bado liko moyoni na sitalificha.

Turudi kwenye ule unga wa fedha, maana humo ndimo lilimo jibu la swali la Malinyi. Injini mpya haijakamilika siku inapotoka dukani. Ringi za pistoni na ukuta wa silinda bado vina ukwaruzo mdogo kutoka kwa mashine zilizovichonga, na katika kilomita mia chache za mwanzo vinasuguana hadi vikubaliane. Gia nazo hufanya vivyo hivyo. Vumbi la chuma linalotoka humo huingia kwenye oili, na ndilo lililometameta kidoleni mwangu. Kulitoa mapema ni lazima, kwa sababu oili ikiendelea kuzunguka nalo inageuka kuwa msasa. Mimi niliacha msasa huo ndani kwa kilomita 350 zaidi ya kipimo cha juu kabisa, kabla hata ya kosa la fundi. Sehemu hiyo ya lawama ni yangu.

Lakini si oili pekee. Katika kipindi hichohicho cheni mpya hulegea, spoki hutulia na kulegea, nati zinazoshika injini kwenye fremu hulegezwa na mtikisiko, waya wa klachi huvutika, na tapeti, vile vipande vidogo vya juu ya injini vinavyosukuma vali, huhama kidogo kutoka mahali zilipowekwa kiwandani. Hapo ndipo ahadi ya dakika ishirini inapojifichua. Oili humwagwa injini ikiwa ya moto, ili iwe nyepesi na itoke na uchafu wake. Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi, kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na kipimo kinakuwa cha uongo. Mtu anayekuambia ufike na pikipiki inayotoka safarini, akakukabidhi baada ya dakika ishirini na kudai amekagua kila kitu, hajapima tapeti. Amemwaga oili. Muulize swali hilo moja, "Tapeti utapima saa ngapi?", na jinsi atakavyojibu ndivyo utakavyojua kama unapaswa kumwachia ufunguo.

Mwezi uliopita nilinunua pikipiki nyingine, na safari hii nilifanya kila kitu tofauti. Niliendesha taratibu, bila mzigo mzito na bila kung'ang'ania mwendo mmoja kwa muda mrefu, na mita ilipofika 540 nikampigia wakala kuomba nafasi. Nilifika jioni na kuiacha ilale pale. Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nimeshasimama mlangoni.

Nisingependa msomaji adhani kwamba kwa wakala kila kitu hujiendesha chenyewe. Kijana aliyepokea kitabu changu alikuwa ameshagonga muhuri kabla hata pikipiki haijasogezwa, na alianza kuiosha. Nilimwambia kwa upole, "Mdogo wangu, muhuri ni shahidi wa kazi, nayo kazi haijaanza." Alinitazama, akamwita fundi mkuu, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Nilimwamkia, nikamweleza yaliyonipata mwaka 2019, naye akavuta kiti akaniambia nikae pale pale karibu na pikipiki. Alifungua kifuniko cha juu cha injini, akapitisha vile vibamba vyembamba vya kupimia chini ya kila tapeti, na akaniachia nivute kimoja nisikie mwenyewe mvuto wake, jinsi kibamba kinavyotakiwa kupita kwa ugumu kidogo kama karatasi kati ya kurasa za kitabu kilichobanwa. Tapeti moja ilikuwa imekaza kupita kiasi. Akairekebisha. Baadaye aliwasha injini ipate joto, akamwaga oili, akasafisha chujio, akaweka washa mpya, akakaza boliti kwa spana ya kipimo iliyotoa mlio wa "tak" ilipofika, na akafungua chupa ya oili iliyokuwa bado na sili yake mbele ya macho yangu. Kazi yote ilichukua karibu saa tatu. Alipomaliza aliniambia kuwa katika miaka yake yote wenye pikipiki wanaokaa kutazama ni wachache sana. Nakiri kwamba niliondoka pale nikiwa nimenyoosha mgongo.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu mahali ni huu. Sevisi ya kwanza ipelekwe kwa wakala aliyeidhinishwa, hata kama yuko mbali, hata kama fundi wa mtaani ni hodari kuliko wote, kwa sababu mhuri wa wakala ndio unaobeba dhamana yako. Sevisi ya nne au ya tano unaweza kumpa fundi wako, na mimi mwenyewe ninaye mmoja Dakawa ambaye ningemkabidhi pikipiki usiku wa manane. Ya kwanza, hapana. Na ukifika kwa wakala, usiende kunywa chai. Kaa. Ona oili ya zamani ikitoka na ona chupa mpya ikifunguliwa. Mahali wasipokuruhusu kusimama ukaona, hata pakiwa na bango kubwa na sakafu ya vigae, si mahali pa kuacha chombo chako.

Kama kweli wakala hafikiki, piga simu kwanza dukani uliponunulia na uulize kama wanatuma fundi wao vijijini kwa siku maalumu, au kama watakubali, kwa maandishi, kazi ifanywe kwingine. Ujumbe mfupi kwenye simu ni bora kuliko ahadi ya mdomo. Nunua mwenyewe oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu, tunza risiti, na piga picha mita ya kilomita siku hiyo. Halafu simama pale pale. Najua nimelisema mara nyingi, lakini ningesimama vizuri mwaka 2019, nikauliza ule mlio ulikuwa wa nini, injini yangu ingepona kwa kushonwa nyuzi upya.

Kijana wa Malinyi nilimwandikia haya yote kwa kifupi. Nilimshauri asisubiri 750, aanze safari mapema ili kilomita za njiani zimfikishe Ifakara akiwa bado ndani ya kipimo, apumzishe injini njiani, na alale huko ili tapeti zipimwe asubuhi injini ikiwa baridi. Jana usiku alinitumia picha ya mita yake ikisoma 437, kifurushi kikiwa kimefungwa nyuma ya kiti, na chini yake maneno manne: "Kaka, naondoka kesho alfajiri."