Fundi, kwetu inafunguka, kwao inagoma

Safari hii nimepokea maswali matatu yanayogusa jambo moja: tovuti za ofisi za umma na anwani mpya za intaneti (namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni), yaani IPv6. Nimeyaweka pamoja. Nimekaa chumba cha seva miaka mingi kabla ya kupewa ukurasa huu, na baadhi ya makosa nitakayoyataja niliyafanya kwa mikono yangu mwenyewe.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni afisa TEHAMA katika taasisi ya umma. Niliomba tuwezeshe IPv6 kwenye tovuti yetu. Mkuu wangu akasema anwani za zamani tunazo za kutosha, na hakuna mwananchi aliyewahi kulalamika. Nimjibu nini?

Marahaba, mwanangu. Kwenye nusu ya kwanza mkuu wako yuko sahihi. Tovuti moja inaweza kuishi kwa anwani moja, na mnayo. Anayepungukiwa si ninyi, ni huyo anayewatembelea.

IPv4, yaani hizo anwani za zamani, iliandikwa mwaka 1981 kwa biti 32, ndizo tarakimu 32 za sifuri au moja. Ukizipigia hesabu unapata anwani bilioni 4.3 hivi, kwa dunia nzima. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu matano ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa masjala tano za kanda zinazogawa anwani, na ghala likabaki tupu. Watu hawakuacha kununua simu. Kampuni za simu zikaanza kuwabananisha wateja: mamia, pengine maelfu, wanatoka nje kwa anwani moja, kama jengo zima linalopokea barua kwa sanduku moja la posta.

Sasa nikusimulie siku yangu mbaya. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha maombi katika ofisi moja niliyoitumikia. Kinga yetu tuliipanga izuie anwani yoyote inayokosea nywila mara kumi ndani ya dakika tano. Saa nne asubuhi simu zikaanza kulia: watu hawaingii. Nikafungua kumbukumbu za seva, nikakuta anwani moja inabisha hodi bila kupumua, na mfumo umeshaifungia nje. Nikajipongeza, tumemnasa mshambuliaji. Nikaenda hata kunywa chai. Saa nane ndipo binti mmoja aliyekuwa mafunzoni akaniuliza kwa upole, "Mzee, mbona huyu mshambuliaji ana aina hamsini za simu?"

Hakuwa mtu mmoja. Walikuwa wateja wa kampuni moja ya simu, wengi wao wamesahau nywila kama watu wanavyosahau, na wote nimewafungia mlango kwa kosa la kugawana anwani. Tulilazimika kuongeza siku mbili.

Hapo ndipo penye jibu la nusu ya pili ya hoja ya mkuu wako. Hakuna mwananchi atakayepiga simu kulalamikia IPv4. Hata jina hajawahi kulisikia. Atasema "mtandao wao mbovu", na mkuu wako ameshalisikia hilo mara nyingi. Duka la mtandaoni likigoma, mteja anahamia duka lingine. Cheti cha kuzaliwa hakina duka la pili.

Kwa IPv6, yenye biti 128, kila nyumba na kila simu inaweza kupewa fungu lake, na mkosaji mmoja hawaponzi majirani. Mkishaiwasha, kumbukeni tu kubadilisha ile kinga: ihesabu kwa fungu zima la /64, yaani anwani zote zenye biti 64 za mwanzo zinazofanana, si kwa anwani mojamoja. Simu za siku hizi hujibadilishia anwani za muda kwa ajili ya faragha, kwa hiyo ukifukuza anwani mojamoja utakuwa unafukuza kivuli.

SWALI: Fundi, tuliongeza rekodi ya AAAA (inayoelekeza jina la tovuti kwenye anwani yake ya IPv6) mwezi uliopita. Wengi wanafunguliwa vizuri. Lakini kuna wanaosema ukurasa unabaki mweupe ukizunguka tu, na wengine wanajaza fomu hadi mwisho kisha wanaambiwa "hitilafu imetokea". Sisi ofisini hatuoni tatizo lolote. Tuiondoe?

Msiiondoe. Kwanza niambie: mtandao wa ofisini kwenu una IPv6? Nathubutu kukisia kwamba hauna. Mnakagua barabara mpya huku kila siku mnapita ile ya zamani. Chukua simu, zima Wi-Fi ya ofisi, ingia kwa mtandao wa simu ulio na IPv6, halafu jaribu tovuti yenu mwanzo hadi mwisho. Au kwenye kompyuta iliyo na IPv6, andika amri ya curl -6 (inayolazimisha njia ya IPv6) ukifuatisha anwani ya tovuti, uone kinachorudi.

Huo ukurasa mweupe naushuku sana. Katika IPv6 rauta za njiani, vifaa vinavyoelekeza data, haziruhusiwi kukatakata pakiti (kifurushi cha data) iliyo kubwa kupita njia. Rauta huitupa na kumrudishia mtumaji ujumbe wa ICMPv6, namna ya vifaa vya mtandao kupashana habari za hitilafu: kubwa mno, punguza. Seva ikiusikia, inapunguza, mambo yanaendelea. Lakini fayawoli nyingi za ofisi, yaani kuta zinazochuja kinachoingia na kutoka, zilipangwa na watu waliofundishwa, kama mimi, kwamba ICMP ni ping (kubisha hodi kuona kama kifaa kipo) na ping ni ya wahuni, basi funga yote. Kwa IPv4 ukali huo ulivumilika. Kwa IPv6 unaikata ulimi rauta. Seva inatuma pakiti kubwa, inatupwa, inatuma tena, inatupwa tena, na mwananchi anaangalia weupe.

Utauliza: si vivinjari hujua kurudi kwenye IPv4 vikikwama? Hujua. Vinashindanisha njia mbili na kushika iliyowahi kuunganisha. Ujanja wenyewe unaishia pale muunganisho unapokubaliwa, na pakiti za kusalimiana ni ndogo, zinapita bila shida. Kivinjari kinaamini kimefika. Kinachokwama ni kile kinachokuja baadaye, na kikubwa cha kwanza huwa ni cheti cha usalama cha tovuti.

Fungueni ujumbe huo kwenye fayawoli; ni ICMPv6 aina ya 2. Kama anayeishika fayawoli yuko likizo (huwa yuko likizo), shusheni kwa muda ukubwa wa pakiti za seva hadi baiti 1280, kipimo ambacho kila njia ya IPv6 inalazimika kukibeba.

Fomu ni kesi nyingine, na hii naijua kama mfuko wangu. Nenda kwenye hifadhidata, tafuta jedwali linaloandika nani ametuma maombi na kutoka wapi. Tazama safuwima ya anwani ina nafasi ngapi. Kama ni 15, umempata mwizi. Hesabu: 255.255.255.255 ni herufi 15 kamili, na aliyejenga mfumo hakuona sababu ya kuacha hata moja ya ziada. Anwani ya IPv6 ikiandikwa kwa urefu wake hufika herufi 39. Mwananchi amejaza kurasa nne, amebonyeza "Wasilisha", hifadhidata ikakataa kwa sababu ya kitu ambacho yeye hakukijaza wala hakioni. Ongezeni hadi 45, maana kuna namna ya kuziandika inayochanganya za zamani na mpya. Kisha tafuteni ndugu zake: ripoti za mwezi, programu ya takwimu za wageni, orodha ya anwani zilizoruhusiwa kuingia upande wa watumishi. Kwangu tulipata sehemu saba. Ya saba tuliipata baada ya miezi mitano, kwenye ripoti ya robo mwaka.

SWALI: Habari Fundi. Je, tukishaweka IPv6, lini tuzime IPv4?

Nzuri, ndugu yangu. Kwa tovuti inayotazama wananchi, msiizime bado. Wapo wengi ambao hawana njia nyingine. Serikali ya Jamhuri ya Czech imejipangia kuacha kutoa huduma zake kwa IPv4 tarehe 6 Juni 2032, miaka 20 kamili tangu siku ya uzinduzi wa IPv6 duniani, na wametangaza mapema ili kila mtu ajipange. Marekani nayo, kwa waraka wa Novemba 2020, iliziagiza idara za serikali kuu zifikishe asilimia 80 ya vifaa vya mitandao yao kwenye IPv6 pekee ifikapo mwisho wa mwaka wa fedha 2025. Hilo la mitandao ya ndani ndilo mnaloweza kuanza nalo.

Anzieni kwenye zabuni. Msikubali maneno "inaweza kutumia IPv6". Andikeni kwamba mfumo utafanya kazi ukiwa na IPv6 peke yake, na mzabuni atauonyesha hivyo mbele yenu kabla ya malipo ya mwisho. Niliwahi kuletewa rauta ambayo kweli "iliweza". Leseni ya kuiwezesha ilikuwa inauzwa kando.