Gesi ya Mtungi ni Safi, Lakini si Jadidifu

Maswali ya wasomaji wanaojiandaa na usaili wa utumishi wa umma: kilimo na nishati

SWALI: Shikamooni wahariri. Najiandaa na usaili wa mchujo wa Afisa Kilimo Daraja la II. Kwenye kundi letu la kujisomea kulikuwa na swali: "Taja nishati jadidifu tatu za kupikia." Mimi nikaanza na gesi ya mtungi, wenzangu wakaikata. Mbona Serikali yenyewe inaihimiza?
*Msomaji, Pasua, Moshi*

JIBU: Marahaba. Wenzako wamesema kweli, na kosa lako ndilo tunalokutana nalo zaidi katika majibu ya wasailiwa. Serikali inaihimiza gesi ya mtungi kwa kuwa ni *safi*. Haijasema ni *jadidifu*. Neno la kwanza linahusu kinachotoka jikoni: moshi, masizi, hewa ya sumu. La pili linahusu chanzo: je, kinajirudishia chenyewe kadiri tunavyokitumia?

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, vitu vinavyopatikana wakati wa kusafisha mafuta ghafi na gesi ya ardhini. Ikichomwa haimpi mama kikohozi, lakini ikitumika imekwisha. Usiichanganye pia na gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, nayo si jadidifu vilevile. Kuni ni kinyume chake. Mti huota tena, kwa hiyo kuni ni jadidifu ikiwa tunakata polepole kuliko msitu unavyokua, lakini jiko la mafiga matatu si safi hata kidogo. Zinazobeba sifa zote mbili ni bayogesi (gesi inayotokana na kinyesi kilichooza) na umeme wa maji, jua, upepo au jotoardhi. Ungeandika bayogesi, umeme wa maji na jiko la jua, hakuna ambaye angekukata.

Tarehe za kushika: Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia 2024–2034 ulizinduliwa Mei 8, 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Siku sita baadaye, Mei 14, ulifanyika mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia Afrika, Rais Samia akiwa mwenyekiti mwenza, na zikaahidiwa dola bilioni 2.2. Ukiulizwa shabaha ya 2034, andika "nishati safi". Ukiandika "jadidifu" umepotosha sera nzima.

SWALI: Naomba mfano wa hesabu. Wazazi wangu wana ng'ombe watatu bandani huko Marangu. Nikiulizwa bayogesi yao itapika kwa saa ngapi, naanzia wapi?
*Msomaji, Usa River, Arusha*

JIBU: Anzia kwenye kinyesi, si kwenye jiko. Ng'ombe wa bandani hutoa kilo 10 hadi 15 za kinyesi kibichi kwa siku. Tuchukue 12: ng'ombe watatu ni kilo 36. Kilo moja hutoa karibu mita za ujazo 0.04 za gesi, kwa hiyo 36 × 0.04 = 1.44. Jiko la kawaida likila mita za ujazo 0.36 kwa saa, 1.44 ÷ 0.36 = saa 4. Hizo zinatosha familia kwa chai, ugali na mboga. Maharage yaloweke usiku kucha, la sivyo yatamaliza gesi yote.

Mara nyingi swali la pili ni ukubwa wa mtambo. Kinyesi huchanganywa na maji kiasi sawasawa, kwa hiyo kilo 36 na lita 36 ni kama lita 72 kila siku. Mchanganyiko ukikaa siku 50 ndani, 72 × 50 = lita 3,600, yaani mita za ujazo 3.6. Ongeza nafasi ya gesi juu, kisha kumbuka Marangu kuna baridi: bakteria huzubaa na uozo unahitaji siku zaidi. Mtambo wa mita za ujazo 6 unafaa.

Sasa kinachoharibika, maana hapa ndipo msaili anapomtambua aliyeelewa. Maji yakizidi, mchanganyiko unakuwa mwepesi na unatoka kabla haujaoza. Majani ya migomba na mabaki ya malisho yakiingia, yanaelea na kufanya utando mgumu juu. Maji ya sabuni au dawa ya kuogeshea ng'ombe yanaua bakteria, na gesi inakata siku kadhaa. Mwali ukiyumbayumba na kuzimika, mara nyingi kuna maji ndani ya bomba: gesi hutoka mtamboni na unyevu, ikapoa njiani na kuacha matone. Bomba lilazwe kwa mteremko, na pale chini kabisa pawekwe koki ya kumwagia maji. Mwali mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa njano, hewa inayoingia kwenye jiko haitoshi. Gesi ya kwanza kabisa isiwashwe, iachiwe nje, kwa sababu imechanganyika na hewa na inaweza kulipuka.

Tope linalotoka upande wa pili bado lina naitrojeni yake. Lihifadhiwe kivulini na lifunikwe, kwani juani naitrojeni hiyo hupotea hewani kama amonia, na migomba na kahawa ya kihamba ikakosa. Ukitaka kuona mitambo ya namna hii inavyosanifiwa, CAMARTEC, kituo cha Serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, wako hapo Arusha.

SWALI: Bwawa la Julius Nyerere linatoa megawati 2,115 kwa siku au kwa mwaka?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

JIBU: Si kwa siku wala kwa mwaka. Megawati ni uwezo wa mitambo kwa wakati mmoja: mitambo 9 × megawati 235 = 2,115. Nishati ndiyo yenye muda ndani yake. Kwa mfano, bwawa la Nyumba ya Mungu lina megawati 8. Likifanya kazi kwa uwezo wote saa 24, litatoa megawati-saa 192. Maji yakipungua, uwezo wa mitambo unabaki 8 lakini megawati-saa zinashuka.

SWALI: Ajenda 10/30 na Azimio la Maputo yote yana "asilimia 10". Ni kitu kimoja?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

JIBU: Hapana. Maputo, 2003: nchi za Afrika zitenge angalau asilimia 10 ya bajeti ya serikali kwa kilimo. Ajenda 10/30 ni ya kwetu: sekta ya kilimo *ikue* kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Katikati kuna Malabo, 2014, iliyolenga ukuaji wa asilimia 6 kwa mwaka, na baada yake Azimio la Kampala la Januari 2025, linalobeba miaka ya 2026–2035.

Tahadhari moja ya hesabu. Bajeti ya Wizara ya Kilimo 2024/25 ilikuwa takriban shilingi trilioni 1.25 katika bajeti ya Taifa ya trilioni 49.35, yaani kama asilimia 2.5. Usikimbilie kuandika kwamba hiyo ndiyo alama yetu ya Maputo. Kipimo hicho kinahesabu pia mifugo, uvuvi na misitu, ambazo fedha zake ziko kwenye mafungu mengine. Andika "bajeti ya Wizara" pale unapomaanisha Wizara.