Udongo wa zabibu: uko hai au umekufa?

SWALI: Nina ekari moja ya zabibu Hombolo, Dodoma. Kila mwaka naweka samadi na kupulizia dawa ya shaba, lakini udongo umekuwa mgumu kama sakafu. Nitajuaje kama vijidudu vyake bado vipo?

JIBU: Fulana kuukuu itakuambia. Iwe ya pamba tupu, maana nailoni haiozi. Kata vipande 3 vya sentimita 20 kwa 20, vizike kina cha sentimita 10 kwenye mistari, penye unyevu wa umwagiliaji wa matone, kisha fukua baada ya wiki 8. Kikitoka matundu matupu, bakteria na kuvu wanakula vizuri. Kikitoka kizima, cha kufua ukavaa, kuna kasoro. Usijaribu kwenye udongo mkavu wa kiangazi: vijidudu hulala, utadanganyika.

Tunaishuku zaidi hiyo shaba. Haiozi; hujilimbikiza tabaka la juu, ikadhuru kuvu na minyoo. Ipulizie pale mvua inapoleta hatari ya ubwiri vinyoya (ugonjwa wa mzabibu unaopenda unyevu), si kwa mazoea.

Samadi je, ni mbichi? Mbichi huunguza mizizi. Irundike, inyeshee, igeuze kila wiki 2 mpaka isipate joto tena na inukie kama ardhi iliyonyeshewa (harufu hiyo hutolewa na bakteria). Itandaze, funika kwa nyasi kavu, ukiacha nafasi kuzunguka shina ili mchwa wasilifikie. Jembe lipite juu juu tu. Likizama hukata nyuzi za kuvu zinazoipelekea mizizi fosforasi.