Kabla Hujalipia Franklin ya 1847

Cheti kimefika! Stempu yangu ya Marekani ya senti 5 ya mwaka 1847, yenye picha ya Benjamin Franklin, imepita kwa wakaguzi wa Philatelic Foundation, shirika la kukagua stempu kule New York: ni halisi, na pambizo zote nne, yaani nafasi nyeupe kuzunguka picha, zipo. Tangu niweke picha yake, ujumbe haukatiki. "Kaka, nami nimeiona moja mtandaoni, bei ya kutupa. Ninunue?"

Ngoja kwanza. Stempu hii niliipata kwenye maonyesho ya stempu huku Ohio ninakoishi. Kwenye meza ya kwanza, muuzaji aliponiona nainama na lenzi yangu alisema kwa sauti, "Hizo si za kuchezea," akavuta trei upande wake. Bado inaniuma, sifichi. Nikahamia meza ya jirani, kwa bibi mmoja aliyenivutia kiti na kunipa kibano. Nilikagua hadi nikaridhika, nikamlipa taslimu palepale, yule bwana akitazama. Atazame vizuri!

Nilikuwa nakagua nini? Marinda ya shati la Franklin. Kwenye stempu ya 1847 yanagusa fremu ya mviringo usawa wa kichwa cha herufi F ya neno FIVE. Mwaka 1875 serikali ya Marekani ilichapisha nakala kwa ajili ya maonyesho ya Philadelphia ya 1876, na kwenye hizo marinda yanagusa karibu usawa wa kichwa cha tarakimu 5. Nakala hizo nazo zina wateja wake, ila usiuziwe kwa jina la dada yake mkubwa.

Halafu pambizo. Stempu za 1847 hazina vitundu vya kuchania, maana Marekani ilianza kuvitoboa 1857. Zilikatwa kwa mkasi, na mwenye haraka alikata hadi ndani ya picha. Halafu wino: nyingi ziliwekewa alama ya kuonyesha zimetumika kwa kalamu badala ya mhuri, na walaghai huusafisha wino huo wauze stempu kama haijatumika.

Ndiyo maana nasema cheti. Vijana, mnataka utajiri wa leo leo, lenzi hamna, katalogi ya stempu ya Scott hamjaifungua! Nunua lenzi kwanza. Soma. Dai cheti.

Nawe uliyeiona moja mtandaoni: mwombe muuzaji picha ya mgongo wa stempu, na cheti. Akikuharakisha eti kuna mteja mwingine anaingoja, mwachie huyo mteja.