Sumaku ya chembe isiyodumu hupimwaje?

SWALI: Ninafundisha fizikia katika sekondari moja wilayani Kongwa, Dodoma. Wanafunzi wangu, baada ya kuchora uga wa sumaku kwa dira na waya wenye mkondo, waliniuliza hivi: chembe inayooza papo hapo hupimwaje sumaku yake?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penye ugumu hasa. Miuoni, chembe iliyo kama elektroni lakini nzito zaidi, hudumu takribani mikrosekunde 2.2, muda unaotosha kuizungusha katika pete ya sumaku na kufuatilia spini yake, yaani mzunguko wake wa ndani, inavyogeuka kwa kasi inayotegemea sumaku yake. Barioni (chembe ya kwaki tatu) iitwayo lambda, yenye kwaki ya aina ya chamu, haina nafasi hiyo, kwani hata ikikaribia kasi ya mwanga husafiri sentimita chache tu kabla ya kuoza.

Njia inayonivutia zaidi ni fuwele ya silikoni iliyopindwa. Chembe yenye chaji chanya, ikiingia sambamba na safu za atomi, hunaswa baina yake na kufuata mpindo. Uga wa umeme wa safu hizo, kwa chembe inayokimbia, huwa uga wa sumaku mkali kupita ule wa sumaku za kawaida za maabara. Spini hugeuka, na mgeuko huo husomwa katika pembe zinakotawanyikia chembe zinazotokana na kuoza. Mwaka 1992 watafiti wa Fermilab, Marekani, waliithibitisha njia hii kwa barioni nyingine, sigma chanya.

Kwa tau, ndugu mzito zaidi wa elektroni na miuoni, njia ni nyingine: katika LHC, mtambo wa kugonganisha chembe wa maabara ya CERN, ioni za metali ya risasi zinapopishana kwa karibu, fotoni (chembe za mwanga) zake hugongana na kuzaa jozi za tau, ambazo wingi na nishati zake hutegemea sumaku ya tau.