Jumuiya yenu imepoa? Angalieni hatua ya sita

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa.

Hii naiandika kwa ajili ya mtu ambaye jumuiya yake imepoa, yaani ile jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki, familia za majirani wanaosali pamoja kila wiki. Daftari lina familia ishirini na nne, ila Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi mnajikuta wamama sita, mzee mmoja na mjukuu aliyeletwa bado ana usingizi. Mi ni katibu wa jumuiya huku Mbagala, mwaka wa tisa sasa, na hali hiyo tumekaa nayo karibu miaka mitatu mpaka tukaanza kuambiana labda watu wa siku hizi ndo walivyo, wako bize, mji umebadilika. Kiukweli tulikuwa tunajidanganya maana watu haohao bize ukitangaza kikao cha harusi wanajaa mpaka wengine wanakalia ndoo.

Shida yetu niliigundua kwa sababu ya mtoto. Wanaosali jumuiya wanaijua ile njia ya hatua saba ya kushirikishana Injili, ile iliyotoka kwa watu wa Lumko, taasisi ya kichungaji ya Kanisa Katoliki kule Afrika Kusini, ikasambaa huku kwetu. Mnamkaribisha Bwana, mnasoma Injili, kila mtu anatamka neno lililomgusa, mnakaa kimya, mnashirikishana mlichosikia moyoni, halafu hatua ya sita mnaulizana Bwana anatutuma tukafanye nini, ya saba mnasali sala za kutoka moyoni mnafunga. Sasa siku hiyo binti wa darasa la sita ndo alikuwa anatusomea kile kikaratasi cha mwongozo, tukamaliza kushirikishana, mwenyekiti akasema haya tusali, yule mtoto akauliza, "Mbona ya sita hatujaisoma?" Mwenyekiti akamwambia hiyo huwa tunaipita kwa sababu ya muda. Tukasali, tukatoka. Ila mi lile swali lilinifuata mpaka nyumbani. Nikafungua daftari la mihutasari nikarudi nyuma wiki baada ya wiki, miezi saba yote, na kwa mkono wangu mwenyewe nimeandika: sala ya kufungua, Injili, tafakari, michango, matangazo, sala ya kufunga. Hamna sehemu hata moja imeandikwa tumetumwa kwa nani.

Yaani miezi saba tunasoma Msamaria Mwema, tunasoma nilikuwa na njaa mkanipa chakula, tunasema tumeguswa, afu tunakunja mkeka.

Na hizi jumuiya ukifuatilia zilikotoka utaona hiyo hatua ndo kiini chake. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa maaskofu Wakatoliki wa ukanda wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, wakakutana tena 1976, walichokubaliana ni kwamba Kanisa la ukanda huu lijengwe kuanzia kwenye vikundi vidogo vya watu wanaojuana, majirani, wanaoishi imani yao palepale wanapoishi. Wenzetu wa Kongo walishaanza kuelekea huko tangu 1961. Hapa kwetu kulikuwa na Askofu Christopher Mwoleka wa jimbo la Rulenge, yeye miaka ya 70 alihamia kabisa kwenda kuishi na wanakijiji kwenye kijiji cha ujamaa, na mi kila nikimkumbuka najiuliza, askofu kahama nyumba, mi nashindwaje kuvuka mtaro niende kwa jirani?

Basi nikamwomba mwenyekiti turudishe hatua ya sita. Ushauri wangu kwa mtu anayetaka kuirudisha: msiulize swali kubwa. Mkiuliza "tufanye nini kusaidia jamii" watu watataja kituo cha yatima kilichoko mbali, itaundwa kamati, itatafutwa Costa, na mpaka Pasaka hamjaenda popote. Sisi tunauliza hivi, wiki hii kwenye mtaa wetu nani amelemewa? Mtu mmoja tu anatajwa. Halafu wanajitaja watu wawili watakaokwenda, siku gani na saa ngapi, katibu anaandika hapohapo. Jumamosi inayofuata kabla hata ya ishara ya msalaba wale wawili wanasimulia dakika mbili tatu, na kama hawakwenda wanasema hatukwenda, hakuna wa kuwagombeza, ila itasemwa.

Na mara ya kwanza tuliharibu, niwaambie ukweli ili nyie msipite hapo.

Aliyetajwa alikuwa babu mmoja jirani, Muislamu, nyumba ya tatu kutoka kwa mwenyekiti, ana sukari na mguu wake ulikuwa na kidonda. Tulikwenda watu kumi na moja na vitenge vyetu vya sare, tumebeba unga kilo kumi, sukari (eti sukari kwa mgonjwa wa sukari jamani), sabuni na mafuta. Tukaimba, tukamkabidhi, tukapiga picha, picha ikaingia kwenye grupu la wasap la kanda. Jioni binti yake akaja kwangu, kwa heshima zote, akakaa akanywa maji akaniambia, "Dada, baba kashukuru sana, ila ile picha naomba muitoe. Na unga tunao." Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamuuliza sasa dada yangu mnachohitaji ni nini, na hilo swali tulitakiwa kuliuliza kabla hatujanunua hata kiberiti. Akasema kidonda kinatakiwa kusafishwa kila baada ya siku moja, yeye anatoka saa 10 usiku kwenda Feri kuchukua samaki wa kuuza, akirudi zahanati imeshajaa na babu peke yake hawezi kuvuka ule mtaro. Hivyo wanakosa siku mbili, tatu, kidonda kinarudi kulekule.

Kumbe kilichotakiwa ni mtu wa kumshika mkono.

Tukapanga ratiba ya watu sita, bajaji inalipwa na kapu la jumuiya, unamchukua saa 1 asubuhi, unakaa naye foleni, unamrudisha. Zamu yangu ilikuwa Jumatano. Kwenye ule mtaro kuna ubao mmoja tu, basi babu anaweka mkono wake wa kulia begani kwangu, mzito kweli, anasema bismillah ndo ananyanyua mguu. Kule zahanati tunamgeuzia ndoo tupu aegeshe mguu juu yake kwa sababu ukining'inia unamuuma. Wakati nesi anafungua bandeji ile sehemu iliyogandia kwenye nyama alikuwa anashika pindo la khanga yangu analikunja mkononi, halii, analikunja tu, mpaka nikarudi nyumbani lina makunyanzi upande mmoja. Wiki tisa tulikwenda hivyo. Kidonda kikafunga.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sikulitegemea. Kati ya wale sita mmoja alikuwa mume wa mwanajumuiya wetu, dereva bodaboda, mtu ambaye kusali jumuiya tulishamkatia tamaa, mkewe akimwambia anasema mambo ya wamama hayo. Alikubali zamu kwa sababu aliambiwa ni kazi ya kumbeba mzee. Jumamosi ikabidi aje atoe taarifa, akaja akasimama mlangoni na helmeti mkononi, akasimulia, tukamwambia kaa basi tumalizie. Akakaa. Jumamosi iliyofuata akarudi na mwenzake wa kijiweni. Kuna watu ambao huwezi kuwapata kwa kuwaambia njoo usali, mlango wao wa kuingilia ni kazi ya mikono, wakishaifanya wanakuwa na kitu cha kuongea mbele ya Mungu. Kwa hiyo kama wanaume wamewakimbia acheni kuwahubiria kwenye matangazo ya Misa ya kwanza, wapeni mtu wa kumbeba.

Tukija kwenye michango, hapa naomba makatibu na waweka hazina mnisikilize kwa moyo. Nilikuwa na tabia ya kusoma majina. Nani kamaliza zaka, nani hajatoa ya ujenzi, nani anadaiwa ya sikukuu ya somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wetu, nasoma kwa sauti, na nikishasoma naituma orodha kwenye grupu. Niliona huo ndo uwazi. Kuna mama anauza mihogo ya kukaanga pale njiani, alikuwa na sauti nzuri sana ya kuanzisha nyimbo, akapotea miezi minne. Nilipomfuata nikamkuta anamenya mihogo, hakuniangalia usoni, akaniambia, "Katibu, mi elfu tano yako sina, na Mungu siwezi kwenda kumsikiliza huku naangaliwa." Niliomba msamaha palepale, na Jumamosi nikaomba tena mbele ya wote. Tangu hapo mweka hazina anaongea na mtu mmojammoja kwa siri, kapu linazungushwa na kila mtu anaingiza mkono wake, mwenye kitu na asiye nacho, hakuna anayejua. Mahesabu yote tunasoma kwa jumla, kimeingia kiasi gani na kimetumika wapi, jina la mtu halitajwi. Michango haikushuka kama nilivyoogopa. Yule mama amerudi na ndo anatuanzishia nyimbo mpaka leo.

Sala yenyewe isizidi dakika 50, watu wana biashara na watoto. Ila msipunguze ile hatua ya nne ya kimya. Dakika tatu kamili, mwongozaji aangalie saa. Mwanzoni ni ngumu, bodaboda zinapita, kuku wanapiga kelele, mtu anaanza kukohoa kwa aibu tu ya ukimya, mvumilieni. Mi sehemu kubwa ya majina yanayotajwa kwenye hatua ya sita naamini yanatokea kwenye hizo dakika tatu, maana mtu akinyamaza ndo anakumbuka kwamba mlango wa fulani siku ya tatu sasa haujafunguliwa.

Na mzunguke nyumba zote jamani, hata za wapangaji. Sisi tulikuwa na nyumba tano za kuzungukia, zenye sebule na sofa, halafu chai ikaingia, huyu kaweka chapati, yule kaongeza maini na juisi, mwishowe kukaribisha jumuiya imekuwa bajeti ya nusu harusi na wenye chumba kimoja wakawa wanakwepa zamu zao. Kuna kijana mpangaji alikuwa kila ikikaribia zamu yake anasafiri. Tukakata mzizi wa fitina, hakuna chai, ni maji ya kunywa tu, na mkeka wa jumuiya unatangulia Ijumaa jioni pamoja na mshumaa na kitambaa cheupe, mwenye nyumba kazi yake ni kufagia na kutupokea. Siku tuliyosali kwa yule kijana tulikaa kwenye korido ya nyumba ya vyumba nane, wapangaji wenzake wakapunguza redio, mmoja ambaye ni Mlutheri akatoka na stuli yake akakaa nasi mpaka mwisho. Kijana alikuwa ameweka Biblia juu ya ndoo iliyofunikwa kitambaa alichokipiga pasi mwenyewe, unaona kabisa mistari ya pasi.

Wale wanaokuja baada ya mwaka mzima kwa sababu wanataka barua ya jumuiya ya ubatizo au ndoa, wapokeeni vizuri. Utaratibu wa parokia upo, mahudhurio yanaangaliwa, sawa, ila usimkalishe mtu umuulize leo ndo umetukumbuka. Sisi tunawapa zamu ya kwenda kwa mgonjwa pamoja na mzoefu, hiyohiyo wiki. Wengine wanachukua barua wanaondoka, wengine wamebaki. Nampa Mungu hilo.

Kitu cha mwisho, msidharau ugomvi unaotokana na huduma. Ukianza kugawa muda na nguvu za watu lazima mtu atasema mbona kwa fulani mmekwenda mara tatu kwangu hamjaja hata mara moja. Kwetu limetokea, lilitaka kutugawa kabisa, tukarudi kusoma Matendo ya Mitume sura ya 6, pale wajane wa upande mmoja walipokuwa wanasahaulika kwenye huduma ya kila siku, na mitume hawakuwaambia watu wanyamaze, waliitisha watu wote wakachaguliwa saba wa kusimamia. Na sisi tukachagua watatu, mmoja wao ni yule wa bodaboda. Wanapita nyumba zote ishirini na nne mara moja kila miezi mitatu, hata kwa wasiosali, wanauliza tu mnaendeleaje, wanarudi na majibu.

Mwaka jana mwenyekiti wetu alifiwa na mama yake. Siku ya pili ya msiba, saa 5 asubuhi, akafika binti wa yule babu na wanawake wanne wa upande wao na sufuria kubwa mbili, pilau na kachumbari, wamekunja mikono ya madera, wakauliza jiko liko wapi. Babu mwenyewe alikuja jioni kwa miguu yake, akavuka ubao, akakaa na wanaume kwenye maturubai.

Jumamosi hii tunasali kwa mama wa mihogo, Injili anasoma yule binti wa kile kikaratasi cha mwongozo, sasa yuko kidato cha pili. Hatua ya sita ya wiki iliyopita alitajwa mama aliyejifungua mapacha nyumba ya nyuma ya duka, mumewe yuko machimboni. Mimi na yule kijana mpangaji tumepewa nguo za watoto, ni Jumanne saa 10 jioni, yeye anachota maji mi nafua.