Oili nzito haitibu injini inayokula oili

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Prius ya mwaka 2010, imetembea kilometa 218,000. Haivuji popote, lakini inakula lita moja ya oili kila kilometa 1,500. Fundi wangu wa mtaani anasema niachane na oili nyepesi ya 0W-20, niweke nzito ya 20W-50 pamoja na chupa ya dawa ya kukata moshi. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize, ndugu yangu. Ushauri huo nakutana nao karibu kila wiki, na anayeumia ni mwenye gari.

Injini yako ni 2ZR-FXE, na ugonjwa wake unajulikana. Ringi za chini za pistoni, zile za kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda, hukwama kwa masizi. Zikikwama, oili inabaki ukutani na kuungua pamoja na petroli. Sasa 20W-50 itazikwamuaje? Haizikwamui. Oili inaliwa polepole kwa muda, moshi unapungua, mwenye gari anatulia, na masizi yanaendelea kujijenga. Dawa za chupa ni hivyohivyo. Sijaona hata moja iliyorudisha kazini ringi zilizokwama.

Kwenye haibridi kama Prius, inayotumia injini na mota ya umeme kwa zamu, hasara inazidi. Ukitoka Mbagala hadi Posta, injini inazima na kuwaka mara nyingi njiani, na kila inapowaka oili inatakiwa ifike juu upesi. Njia za oili za VVT-i, mfumo unaorekebisha muda wa valvu kufunguka, ni nyembamba. Oili nzito inachelewa.

Anza na valvu ya PCV, ile inayotoa gesi na mvuke ndani ya injini, ni ya bei nafuu. Kisha zitolewe plagi, ionekane ni silinda ipi inalowa oili. Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ikiwa nzuri isikudanganye: ringi za juu zinaweza kuwa nzima na ya kukwangua imekwama. Ikithibitika hivyo, tiba ni kufungua injini na kufunga pistoni na ringi za toleo lililoboreshwa. Ni gharama, sikufichi.

Kinachonisumbua zaidi ni watu kungoja taa. Injini hii inachukua lita 4.2. Kwa ulaji wako, ukisubiri sevisi ya kilometa 5,000, lita 3 na ushei zimeshaungua. Taa nyekundu ya oili inaangalia presha, haiangalii kiasi. Mwezi uliopita nililetewa Toyota Aqua, haibridi nyingine, injini inagonga. Kijiti cha kupimia oili kilitoka kikavu, kimebadilika rangi kwa joto. Tulipofungua nati ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, oili iliyotoka haikufika nusu ya chupa ya maji ya lita moja na nusu. Mwenyewe alikuwa akirudia neno moja: "Lakini taa haikuwaka." Iliwaka siku hiyohiyo, beringi zikiwa zimekwisha.

Kwa hiyo, kabla hujapata hela ya kufungua injini, vuta kijiti kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa limepoa na limesimama tambarare. Ikipungua, ongeza 0W-20 hiyohiyo, na weka lita moja ya akiba kwenye buti.